Mizani Mbili



Katika Mithali, sura ya 20, twaonywa kwamba Mungu huchukizwa na vipimo vya namna mbili. Tukisoma hapo, humfikiria mwenye duka. Lakini yuko mwingine mwenye mizani: mkufunzi wa polisi, aandikaye ripoti za makurutu.

Kuruta wa kiume akitoa amri kwa sauti kuu, pengine husemwa ni kiongozi. Wa kike akitoa amri ile ile, husemwa ni mkali. Wa kiume akinyamaza, ana busara. Wa kike akinyamaza, ni mwoga. Tendo ni moja, vipimo ni viwili.

Jambo hili liliwahi kuchunguzwa. Huko Washington, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1974, askari wapya wa kike 86 walilinganishwa na wenzao wapya wa kiume 86. Watazamaji walifuatana nao katika doria. Wanawake walikamata watu wachache kuliko wanaume, lakini kuwakabili watu wenye hasira walifaulu sawa nao. Ilionekana wazi kwamba kazi waliiweza. Hata hivyo, askari wanaume waliendelea kuwatilia mashaka. Kazi ilishuhudia, lakini moyo ulikuwa umekwisha kuhukumu.

Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yakataza ubaguzi kati ya mwanamume na mwanamke. Sheria hiyo ni njema, lakini sheria haishiki kalamu. Mkono wa mtu ndio uandikao. Binti aliyekwenda Kiganjo kwa maombi ya wazazi wake akiandikiwa ripoti isiyo ya haki, hasara si yake peke yake. Mama aliyepigwa usiku naye hukosa askari ambaye angemweleza mambo yake bila haya.

Samweli alikuwa nabii, lakini alipomwona Eliabu na kimo chake, alidhani ndiye mteule. Mungu akamrekebisha. Je, si zaidi sisi, walimu, wazee wa kanisa na wazazi? Kabla ya kuandika neno juu ya mtu, na tujiulize: kama angalikuwa mwingine aliyetenda hivi, tungaliandika neno lilo hilo?

Na tuombe. Ee Bwana, utuondolee mizani ya pili iliyofichwa mioyoni mwetu. Amina.