Aliyepasuliwa Busha Asiachwe Peke Yake
(Maneno tuliyoyasema mbele ya kamati za parokia na wafadhili wetu)



Leo tunaomba ruhusa tuseme kwa sauti jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona. Mmetusaidia kuwapeleka hospitali wanaume wenye mabusha. Nauli mmetoa, na gharama za upasuaji mmechangia. Lakini mwanaume akisharudi nyumbani, yeye na mkewe hubaki na maswali ya chumbani ambayo hawana wa kumwuliza.

Huku pwani yetu, tangu Tanga hadi Mtwara, busha si kitu kigeni. Wapo wanaosema huletwa na kunywa madafu. Siyo. Mengi ya mabusha ya huku hutokana na minyoo midogo ya matende inayoenezwa na mbu. Tanzania ilianza kugawa kingatiba ya ugonjwa huu mwaka 2000, kisiwani Mafia. Vidonge hivyo huzuia maambukizi yasienee, lakini busha lililokwisha kukua haliondoki kwa vidonge. Tiba yake ni upasuaji. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanaume wapatao milioni 25 duniani wana tatizo hili.

Sasa tuyajibu maswali yenyewe.

Kwanza, je, mtu hupoteza uanaume wake? Hofu hii huwafanya wengi wafiche busha miaka na miaka. Daktari hupasua ngozi ya mfuko wa korodani, hutoa maji, hukata au hugeuza utando uliokuwa ukiyakusanya, kisha hushona. Kwa kawaida korodani hubaki mahali pake. Uume haukatwi, wala mishipa ya fahamu inayoufanya usimame haiguswi. Huku si kuhasiwa. Tena busha kubwa huufunika uume na kufanya tendo la ndoa liwe gumu; likiondolewa, wengi hupata nafuu.

Pili, arudi kwa mkewe lini? Madaktari wengi hushauri kusubiri wiki 4 hadi 6, na daktari aliyempasua ndiye mwenye neno la mwisho baada ya kuona kidonda. Kuwahi kunaweza kufumua nyuzi au kuvujisha damu ndani. Katika siku hizo uume unaweza kusimama wenyewe usingizini, au mbegu kutoka katika ndoto. Hayo ni ya kawaida, asiogope. Wakati ukifika, waanze polepole. Akisikia kovu linavuta kidogo, si ajabu. Akisikia maumivu makali, aache na arudi hospitali.

Tatu, mbona bado pamevimba? Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema upasuaji umeshindwa. Mfuko huweza kubaki mgumu na umevimba kwa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kunywea. Avae chupi inayobana vizuri ili mfuko usining'inie. Lakini akipata homa, usaha, damu isiyokoma, au uvimbe unaokua haraka wenye maumivu makali, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, nguvu zikichelewa kurudi? Mara nyingi ni hofu na uchovu. Mtu aliyeona aibu miaka kumi hawezi kuisahau kwa siku kumi. Asinunue dawa za nguvu za kiume zinazotembezwa mitaani. Hali ikiendelea arudi kwa daktari, apimwe pia sukari na presha, kwa maana hizo nazo hudhoofisha nguvu za kiume.

Kuhusu kupata watoto, tusimwahidi mtu tusichoweza kumpa. Upasuaji hauondoi uwezo wa kuzaa isipokuwa kwa nadra, ikitokea madhara. Lakini mwenye shida ya uzazi tangu zamani anahitaji vipimo vyake.

Ndugu zetu, mke naye tusimsahau. Asipoelezwa, atadhani mumewe amemchoka au amepata mwingine. Mume naye, akiona mke amenyamaza, atajilazimisha kabla kidonda hakijapona. Wote wawili wanaumia kwa sababu ya neno moja ambalo lingesemwa kwa dakika tano.

Kwa hiyo tunawaomba haya. Kila kamati ichague mzee mmoja na mama mmoja wanaoaminika na wanaotunza siri, wakaongee na mume na mke pamoja kabla ya upasuaji, na wawatembelee baadaye. Mgonjwa akubali kwanza, na jina lake lisitajwe mbele za watu.

Wafadhili wetu, mchango wenu usiishie mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mvuvi hawezi kuvuta nyavu wiki hizo, na mkulima hawezi kushika jembe. Nyumba isipokuwa na unga, atarudi kazini kidonda kikiwa kibichi. Chakula cha wiki 6 ni sehemu ya matibabu kama uzi na ganzi.

Na sote tuendelee kulala kwenye vyandarua na, kingatiba inapotolewa, tuimeze, maana upasuaji huondoa busha, hauui minyoo.