Kumsimamisha Kazi Ajenti wa Serikali Anayechunguzwa: Funzo la Etiketi za Rubaya



Naomba tuanze na gunia la koltani. Kabla ya waasi wa M23 kuuteka mji wa machimbo wa Rubaya, mwishoni mwa Aprili 2024, madini yakishaoshwa yalitiwa guniani na kupimwa kilo. Ajenti wa SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, akalifunga gunia kwa etiketi ya plastiki yenye namba, akaiandika namba hiyo daftarini pamoja na uzito na mahali yalikochimbwa. Kwa mfanyabiashara, ajenti wa Divisheni ya Madini akafunga etiketi ya pili. Gunia lenye etiketi lilifika Goma kama mali halali. Lisilo nayo lilikuwa magendo. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba etiketi za aina hii zilitumika kusafisha madini ya magendo mashariki mwa Kongo. ITSCI, wenye mfumo huo, walikanusha.

Sasa ajenti akichunguzwa na polisi kwa kuuza etiketi, tumfanyeje? Msimamo wangu ni huu: etiketi na daftari vichukuliwe siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi, kwa karatasi yenye sahihi, lakini mshahara wake usiguswe. Maajenti wengi wa nchi hii hufanya kazi miaka mingi bila kuingizwa kwenye listi ya malipo. Mtu anayeishi kwa kile anachopata machimboni haumii ukimkatia mshahara asioupata. Mwenye mshahara naye, watoto wake wakilala njaa, atawafuata wachimbaji walioandikisha ushahidi na kuwaomba, au kuwatisha, waufute. Kumsimamisha kazi ni kuulinda uchunguzi. Adhabu ni kazi ya hakimu, na Kifungu cha 17 cha Katiba yetu ya 2006 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho.

Kenya, kwa sheria yao ya rushwa ya 2003, mtumishi husimamishwa kwa nusu mshahara tangu siku anaposhtakiwa. Nusu hiyo naiona bado ni adhabu, ila kuna jambo la kuiga pale: siku ya kuanza inajulikana, haingoji hasira ya mkubwa.

Huku kwetu Kongo cheo ndicho huamua nani arudi kazini. Vital Kamerhe alikamatwa Aprili 2020 akiwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais. Naibu wake, Désiré-Cashmir Kolongele, akakaimu nafasi yake. Kamerhe alihukumiwa miaka 20, mahakama ya rufaa ikamwachia Juni 2022, na Machi 2023 akawa naibu waziri mkuu. Ajenti wa machimboni akiachiwa na mahakama, nani atamrudisha kazini? Ndiyo maana barua ya kumsimamisha lazima itaje tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikipita bila mashtaka arudi kazini bila kuomba.

Suala hili la kusimamisha maajenti linatuhusu zaidi tangu Rubaya itekwe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa M23 walikuwa wakikusanya Rubaya kodi ya takriban dola 800,000 kwa mwezi. Serikali ikirudi, maajenti waliobaki watatuhumiwa wote kwa pamoja, na jirani mwenye chuki atakuwa shahidi wa kwanza. Napendekeza nakala za madaftari ya kabla ya Aprili 2024 zikusanywe tangu sasa na kuhifadhiwa Kinshasa, ili kila ajenti aulizwe juu ya etiketi alizozitilia sahihi yeye mwenyewe.