Kazi ya Kukaa na Ugonjwa wa Sukari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Sisi wa reli tuna kazi za namna mbili. Ndugu zetu wa njia hubeba mataruma na kupiga nyundo juani mchana kutwa. Wengine, makarani, wauza tiketi na madereva, hukaa kitini tangu zamu ianze hata iishe. Lakini sahani yetu ni moja: mlima wa ugali, na chai ya vijiko vinne vya sukari.

Ugali, mkate, chapati na viazi hugeuka sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari hiyo mlango iingie katika misuli. Misuli inayofanya kazi huimeza upesi, hata baada ya kazi kwisha. Misuli iliyolala haina haja nayo, na ziada huwekwa kuwa mafuta. Mafuta yakijaa tumboni na katika ini, insulini hushindwa na kazi yake, sukari hubaki katika damu, ikaharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Basi kitambi tunachokisifu kuwa ni alama ya cheo hakifai kusifiwa. (Wembamba nao hupata ugonjwa huu, msije mkawacheka wenzenu.)

Huko London mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za wafanya kazi wa mabasi ya ghorofa. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Mwaka 1956 wakaeleza hata habari za sare: suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Lakini mtu aweza kuuliza, je, labda wanene ndio walioupenda usukani tangu mwanzo? Ni swali la haki.

Kwa upande wa sukari, jibu lilitoka Marekani mwaka 2002. Watu 3,234 wazito, ambao sukari yao imepanda lakini hawajawa wagonjwa, waligawanywa kwa kura, asichague mtu. Kundi moja walipunguza chakula na mafuta, wakatembea kwa haraka dakika 150 kwa juma, wakikusudia kupunguza uzito saba kwa mia. Kwa mtu wa kilo 90 ni kilo sita hivi. Kundi la pili walipewa dawa ya metformini, la tatu vidonge vitupu. Baada ya miaka karibu mitatu, ugonjwa ulipungua 58 kwa mia katika kundi la kwanza, na 31 kwa mia katika kundi la dawa, ukilinganisha na wale wa vidonge vitupu.

Tena watu hao hawakuachwa peke yao; kila mmoja alikuwa na mwalimu wa kumfuata. Sisi huambiwa tu "punguza kula", kisha tunapangiwa zamu ya usiku ambapo cha kununua ni andazi na soda, na chupa moja ya soda yaweza kuwa na vijiko saba vya sukari.

Kwa hiyo tunataka halmashauri itie katika madai yetu kupimwa sukari kila mwaka, mahali pa kupashia chakula moto, na dakika kumi za kutembea baada ya kula. Huku tukingoja, nusu ya sahani iwe sukuma wiki, na maji yashike mahali pa soda. Wenye kutumia insulini au vidonge wasiache bila kumwona daktari.

Wanaotaka kupimwa, katibu ataandika majina yao sasa hivi.