Dawa za Miti kwa Mama Mwenye Mimba

Kina mama sogeeni mbele, lakini kina baba msitoke nje. Maneno haya ni yenu pia.

Leo twazungumza habari za dawa za miti anazopewa mama mwenye mimba, hasa ile ya kuhimiza uchungu. Wako watu wasemao kuwa ni majani tu, hayana kitu. Mimi sisemi hivyo. Nyingine zina nguvu kweli, na hapo ndipo penye hatari.

Sikilizeni habari ya Kongo. Mwaka 1960 daktari mmoja wa Norway, jina lake Lorents Gran, alikuwa akifanya kazi huko na Msalaba Mwekundu. Aliona kina mama wakinywa maji ya majani yaliyochemshwa, yaitwayo kalata-kalata, ili wajifungue upesi. Baadaye mmea huo ukapimwa, ikaonekana mna kitu ndani yake kinachokaza mji wa mimba. Hata moto wa chungu haukiharibu. Basi bibi zetu hawakubahatisha.

Lakini kipimo je? Katika hospitali, kama ile ya Mtakatifu Fransisko hapo Ifakara, dawa ya kuongeza uchungu hutiwa mshipani tone kwa tone, na uchungu ukizidi hufungwa. Kikombe kikishanywewa hakirudi. Jani la masika na jani la kiangazi huenda nguvu zake zisiwe sawa, na mkono wa mchumaji si mizani. Uchungu ukipita kiasi, mtoto hukosa hewa tumboni. Mji wa mimba waweza kupasuka, mama akatoka damu kwa ndani mpaka afe.

Hatari huzidi mama akinywa nyumbani, akafika hospitali akanyamaza, akaongezwa dawa ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwa nini anyamaze? Mara nyingi aogopa kugombezwa. Mama, sema tu: "Nimekunywa dawa fulani, saa fulani." Nanyi wauguzi mnaosikia, mgombezeni siku nyingine.

Najua wakati wa mpunga wengi wenu mnahamia mashambani. Tangu mwaka 2018 liko daraja juu ya mto Kilombero, hatungoji tena pantoni. Lakini njia ya shambani ni ile ile, tope mpaka magotini. Baba, mlete mkeo karibu na hospitali siku zake zikikaribia, usingoje uchungu.

Tena, mama anayenyonyesha akumbuke kuwa baadhi ya dawa anywazo hupita katika maziwa. Na mtoto mwenyewe asinyweshwe maji ya mizizi kwa ajili ya mchango. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, ila dawa aliyoagiza mganga wa hospitali.

Sasa someni tena habari ya Kongo kwa sauti, mmoja mmoja. Kisha kila mtu aandike katika daftari jina la dawa moja ya uzazi aijuayo, na wakati inaponywewa. Mwenye mimba alichukue daftari hilo kliniki siku ya kupimwa, amwonyeshe muuguzi.