Msafara wa Desemba na Maji ya Miji ya Kale

Mazungumzo kwa waongoza watalii, manahodha na wenye nyumba za wageni kabla ya likizo ya Desemba



Shule zikifungwa, misafara inaanza. Kundi la watu ishirini au thelathini linapanda treni Nairobi asubuhi, linalala Mombasa, na kesho yake liko Fort Jesus likipiga picha. Kutoka hapo ni barabara ya kaskazini: Kilifi, Gede, Malindi, kisha mwendo mrefu hadi Mokowe na mashua ya kuvuka kuja Lamu. Siku tano au sita hivi. Wengine ndio wanaiona bahari kwa mara ya kwanza, na nauli wameichanga mwaka mzima kwenye chama.

Mgeni wa namna hiyo anastahili kupewa zaidi ya orodha ya miaka. Waongozaji wengi wa pwani wanaijua miaka barabara, na huitaja kwa pumzi moja: Vasco da Gama 1498, ngome 1593, Waomani 1698. Mgeni hutikisa kichwa kwa adabu, na kabla basi halijavuka daraja la Kilifi amekwisha kusahau. Kinachokaa kichwani ni swali moja linalorudi kila kituo. Kwa miji hii ya kale swali lipo, nalo ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la nne: watu wa hapa walikunywa nini?

Swali hilo lianzie Fort Jesus. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Wageni hukimbilia mizinga. Waacheni wapige picha zao, kisha wapelekeni kwenye birika la kukingia mvua na kwenye kisima. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira ngome hiyo, na hawakuingia hadi Desemba 1698. Meli ya kivita ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya kuta hizo mwaka 1697 wakati wa mzingiro, na vitu vilivyotolewa humo na wapiga mbizi karibu miaka 280 baadaye vinaonekana katika makumbusho ya ngome. Maradhi na njaa viliwamaliza wengi waliokuwa ndani. Mtu akisimama kando ya birika lile na kufikiria karibu miaka mitatu ya kungoja mvua, hahitaji kuelezwa maana ya mzingiro.

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Hata leo sehemu kubwa ya maji yake husafiri kwa mabomba kutoka mbali, kwenye chemchemi za Mzima zilizo ndani ya Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Mgeni aliyefungua bomba hotelini asubuhi ameyatumia maji hayo bila kujua. Mwambieni.

Gede ndipo pa kukaa muda mrefu, na ndipo misafara mingi inapoharakisha kwa sababu watu wana njaa na Malindi iko karibu. Ni makosa ya ratiba. Heri kula mapema, kisha kuingia Gede na tumbo lililotulia. Mji huu umo ndani ya miti, mbali kidogo na ufuo, na mwaka 2024 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia. Kuna msikiti mkuu, jumba la kifalme, makaburi ya nguzo, na kaburi moja lenye tarehe ya Hijria 802, yaani 1399. Vyombo vya kauri kutoka China vilichimbuliwa humo. Nyumba zilikuwa na vyoo na sehemu za kuogea, na moja inaitwa hadi leo Nyumba ya Birika. Watu waliojenga hivyo walikuwa na maji ya kutosha na walijua kuyatumia.

Hata hivyo, kufikia karne ya 17 mji ulikuwa umehamwa. Wapo wanaosema ni vita na mashambulizi, na hilo halipingiki kwa wepesi, maana pwani nzima ilikuwa na misukosuko wakati huo. Lakini James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimbua Gede mwaka 1948, aliona jambo kwenye kisima cha karibu na msikiti mkuu: kilikuwa kimechimbwa tena kwenda chini zaidi. Watu hawaongezi kina cha kisima kwa kujifurahisha. Maji yalikuwa yakishuka nao wakiyafuata. Kiongozi asimame pale, anyamaze kidogo, awaache wageni watazame chini wenyewe.

Hadithi za majini wanaolinda magofu hayo zisimuliwe pia, kwa kuwa watoto huzipenda na wenyeji wanazo. Zije tu baada ya kisima, si badala yake.

Malindi haichukui muda. Nguzo ya Vasco da Gama, upepo, samaki wa kukaanga. Anayetaka kuwachangamsha wageni atawaambia kuhusu twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, na hapo atakuwa na wasikilizaji hadi Garsen.

Kisha msafara unafika hapa. Wageni wa Desemba si jambo geni Lamu. Kwa karne nyingi majahazi ya Omani, Ghuba na India yalikuja na upepo wa kaskazi ulioanza kuvuma miezi hii, na mabaharia wakangoja kusi iwarudishe kwao. Walikula, walioga, walijaza maji ya safari. Mji uliwabeba kwa sababu ulikuwa na visima na desturi ya kuvitumia.

Desturi yenyewe imo ndani ya nyumba. Katika bafu la nyumba ya kale kuna birika la mawe, na ndani yake samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Mtu huteka kwa kata, hujimwagia, basi. Mgeni asiyeelezwa huliona birika akadhani ni la kujitumbukiza, na sabuni yake ikawaua samaki. Hapo wa kulaumiwa ni mwenyeji aliyemkabidhi ufunguo bila kumwonyesha kata.

Linalohitaji kusemwa wazi zaidi ni habari ya mchanga wa Shela. Wengi wa wageni huviona vilima vile kama mahali pa kutelezea na kutazama jua likizama. Vilima hivyo ndivyo tangi la maji ya mji wa Lamu. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Visima vya Shela huteka katika tabaka hilo la juu. Ukiteka polepole, mvua hurudisha. Ukiteka kwa pupa, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi kukirudisha huchukua muda mrefu. Ukijenga juu ya vilima, ukichota mchanga au ukichimba vyoo karibu, unaharibu tangi lenyewe.

Na Desemba ni mwezi wa kuangalia kwa makini. Mvua za vuli zinakwisha, kiangazi cha Januari hadi Machi kiko mlangoni, na ndipo nyumba za wageni zinajaa. Kila mgeni anaoga mara mbili, mashuka yanafuliwa kila siku, mabwawa ya kuogelea yanajazwa, na punda nao wanakunywa. Mama wa Langoni anayesimama na ndoo kungoja zamu yake anateka katika tangi lile lile. Yeye hana likizo, na msafara ukiondoka ataendelea kukinywea kisima hicho.

Kwa hiyo mashuka yabadilishwe mgeni akihama au akiomba, si kila asubuhi. Nahodha atumie zile dakika za kuvuka kutoka Mokowe kuwaambia abiria maji ya Lamu yanatoka wapi. Watasikiliza, hawana pa kwenda. Na anayewapeleka wageni Shela awapitishe ufuoni, awaeleze kwa nini vilima vinalindwa, kabla hawajauliza ni wapi pa kukodi pikipiki ya mchangani.

Mwenye siku moja ya ziada awapeleke Takwa, kisiwani Manda. Mji huo nao ulihamwa katika karne ya 17, na inasimuliwa kuwa watu wake walivuka kwenda Shela, maji ya chumvi yakitajwa miongoni mwa sababu. Lipo kaburi la nguzo la mwaka 1681 au 1682, na watu wa Shela bado huvuka kulizuru na kuomba mvua hapo. Msafara uliouliza swali la maji tangu Mombasa utalielewa kaburi hilo bila maelezo mengi. Wageni wavae kwa heshima, na wakikuta dua inasomwa wakae pembeni, simu mfukoni.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Mkondo wa kuingilia Takwa unapita kati ya mikoko, na maji yakikupwa mashua hukwama matopeni. Wenye kuandaa misafara Nairobi huandika saa nne asubuhi kwa sababu inapendeza kwenye karatasi. Saa hiyo aipange nahodha, na apigiwe simu kabla wageni hawajalipa.