Muhtasari ni wa Mkutano

Stashahada ya utawala wa serikali za mitaa inayotunukiwa katika mahafali haya imelipiwa na mpunga wa Bonde la Kilombero na uvumilivu wa wengi. Hotuba hii kwa wahitimu inahusu akili mnemba, hasa programu zilizofunzwa kwa maandishi mengi hata zikaweza kutunga barua na taarifa zinazofanana na za binadamu.

Lawama ya mzungumzaji, aliyezitumikia halmashauri kwa sehemu kubwa ya maisha yake, haiangukii mashine. Kabla ya programu hizo zilikuwapo ofisi ambamo muhtasari wa mkutano wa robo mwaka iliyopita ulinakiliwa, tarehe ikabadilishwa na saini za mahudhurio zikatafutwa baadaye. Tabia hiyo mbaya sasa imepata chombo kinachoikamilisha kwa dakika chache, tena kwa Kiswahili fasaha.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na idhini hiyo huthibitishwa kwa muhtasari. Katika kata kama Uchindile, ambako mashamba ya wananchi yanapakana na misitu ya kupandwa, na katika Bonde la Kilombero, ambamo mkulima, mfugaji na hifadhi wanahitaji eneo lilelile, ukurasa wa kubuni unaweza kuipokonya kaya shamba lake. Mzee anayepinga kwa Kihehe au Kindamba anaweza asieleweke kabisa na programu, ilhali pingamizi lake ndilo lililopaswa kuandikwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitolewe na mtambo pekee. Sheria hiyohiyo inazilinda taarifa zenyewe, kwa hiyo orodha ya kaya maskini, taarifa za wagonjwa wa zahanati au malalamiko ya mirathi hayapaswi kupachikwa kwenye programu ya bure ya simu, kwa maana hakuna ofisini anayeweza kueleza yanakohifadhiwa.

Mhitimu hakatazwi kutumia chombo hiki kunyoosha lugha ya tangazo, kupanga rasimu ya bajeti au kufupisha waraka mrefu, mradi asome kila mstari na kuhakiki kila tarakimu kabla ya kutia saini. Muhtasari, hata hivyo, auandike akiwa mkutanoni, ausomee wananchi kwa sauti kabla hawajatawanyika, na akubali kusahihishwa na mwanakijiji asiyejua kusoma, kwa sababu mamlaka ya halmashauri yametoka kwake.