Kuunganisha Rimoti ya USB na Kompyuta ya Linux

Rimoti za USB ni za namna mbili, na kila namna ina ufundi wake. Namna ya kwanza ina kipokezi kidogo kinachojitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Ya pili ina kipokezi cha miale ya infraredi, kama vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows Media Center. Hiki cha pili hakijui kitufe wala herufi. Hupokea mapigo ya mwanga na kuyakabidhi kwa Linux iyafasiri.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kujua ni kipi kilichochomekwa. Amri ya lsusb huonyesha namba ya mtengenezaji na ya bidhaa, mfano 0471:0815 kwa kipokezi kimoja cha Philips. Amri ya dmesg hueleza kerneli imekipokea vipi: yakitokea maneno hid na input peke yake, ni kibodi, likitokea jina mceusb, ni infraredi.

Kwa infraredi, maelekezo mengi ya zamani humtuma mtu asakinishe LIRC. Yalifaa enzi zake, lakini tangu mwaka 2010 kerneli yenyewe ina uwezo wa kufasiri mapigo hayo, na kwa matumizi ya nyumbani programu ya ir-keytable inatosha. Kwenye Debian na Ubuntu imo katika paketi ya jina hilohilo. Ikiitwa bila nyongeza, huonyesha kipokezi, kwa kawaida rc0, pamoja na itifaki kinazozijua. Itifaki ndiyo lugha ya rimoti: rimoti za Media Center huongea RC-6, nyingine nyingi huongea NEC. Amri ya sudo ir-keytable -p nec -t huwasha itifaki na kusubiri. Kila kitufe kikibonyezwa, namba yake huandikwa kwenye skrini. Kukiwa kimya, hujaribiwa itifaki nyingine. Kabla ya hapo ni vyema kuielekeza rimoti kwenye kamera ya simu, maana kamera nyingi huuona mwanga ambao jicho halioni, na betri iliyokufa hugundulika papo hapo.

Namba zikishapatikana, huandikwa katika faili ya TOML ndani ya /etc/rc_keymaps, kila namba ikipewa jina la kitufe, kama 0x40 = "KEY_VOLUMEUP". Faili hupakiwa kwa ir-keytable -c -w, na mstari katika /etc/rc_maps.cfg huifanya ipakiwe yenyewe kila kompyuta inapowashwa.

Hapa ndipo wengi hukwama. Rimoti inajibu vizuri kwenye jaribio, sauti inapanda na kushuka, lakini kitufe cha OK hakifanyi lolote. Kosa haliko kwenye rimoti. Kerneli hukipa kitufe hicho jina KEY_OK, lenye namba 352, ilhali mfumo wa X11 huongeza 8 juu ya kila namba na hauwezi kupita 255. Kila kitufe kinachozidi 247 hupotea njiani bila onyo. Tarakimu zilizoandikwa KEY_NUMERIC_1, ambayo ni 513, hupatwa na yaleyale. Dawa ni kubadilisha jina ndani ya faili: KEY_OK iwe KEY_ENTER, KEY_NUMERIC_1 iwe KEY_1.

Rimoti iliyojitambulisha kama kibodi haihitaji ir-keytable, na mara nyingi hufanya kazi mara moja. Kitufe kisichofaa huchunguzwa kwa evtest, ambayo huonyesha namba yake kwenye mstari wa MSC_SCAN, tuseme c0041. Kisha huundwa faili katika /etc/udev/hwdb.d, mstari wa kwanza ukitaja kifaa kwa namba zile za lsusb, na wa pili, unaoanza kwa nafasi moja tupu, ukiwa KEYBOARD_KEY_c0041=enter. Nafasi hiyo isisahaulike. Bila yake mstari hausomwi ipasavyo. Mabadiliko hukubalika baada ya sudo systemd-hwdb update, kisha sudo udevadm trigger.

Kitufe cha kuzima kinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu systemd inaweza kukitii na kuzima kompyuta nzima pale mtazamaji alipokusudia kuzima televisheni tu. HandlePowerKey=ignore katika /etc/systemd/logind.conf huzuia hilo, ingawa huathiri pia kitufe cha kwenye kompyuta yenyewe.